Kugeuza kibodi ya waya iwe ya bila waya: moduli ya Bluetooth ya HC-05 inaungana lakini hakuna herufi inayotoka

KikundiTatu

Wakuu, habari zenu.

Tuna mradi wa darasani, tuko watatu, zimebaki wiki sita. Kazi ni kuchukua kibodi ya USB ya kawaida (ile yenye mpira chini ya vitufe, si ya swichi), kuitoa kebo, na kuifanya iandike kwenye kompyuta bila waya kwa kutumia betri ya kuchaji.

Hadi sasa kebo tumeikata, na ndani tumekuta waya nne. Nyekundu na nyeusi tumezipa volti 5. Kijani tumeiunganisha na RX (pini ya kupokea) ya HC-05, nyeupe na TX (ya kutuma). HC-05 inaonekana kwenye kompyuta na inaungana bila shida. Lakini bonyeza utakavyobonyeza, hakuna herufi. Taa tatu za juu zinawaka mara moja tukiwasha umeme, kisha zinazima. Hata taa ya Caps Lock haiwaki tukibonyeza kitufe chake.

Je, tumeunguza kibodi? Au HC-05 inahitaji mpangilio fulani? Na kama njia yetu si sahihi, tutumie nini ambacho tunaweza kukimaliza kwa wiki sita?

---

Waya Mwekundu

Hamjaunguza kitu. Taa kuwaka mara moja ni kibodi inajikagua, maana yake umeme umefika na chipu yake ni nzima.

Jibu lenu mmeshaliandika wenyewe pale kwenye Caps Lock. Ile taa haiwashwi na kitufe. Kibodi hutuma taarifa kwamba kitufe kimebonyezwa, kisha kompyuta ndiyo hurudisha amri ya kuwasha taa. Kama taa haiwaki, hakuna aliyesikia.

Kibodi ya USB haianzi mazungumzo hata siku moja, husubiri kuulizwa. Upande unaouliza tunauita hosti. Hosti huona kwamba kuna kifaa kwa sababu ndani ya kibodi kuna rezista ya kilo-omu 1.5 inayovuta juu laini ya D-, moja ya waya mbili za data (D+ na D-) (hiyo ndiyo alama ya kifaa cha mwendo wa chini, megabiti 1.5 kwa sekunde). Kisha hosti hukiweka upya, hukiuliza ni nani, hukipa anwani, na baada ya hapo huuliza kila baada ya milisekunde 8 au 10: "kuna kitufe?" HC-05 haijui chochote kati ya hayo. Yenyewe hupokea data ya laini ya mfululizo, biti moja baada ya nyingine kwenye waya mmoja, wakati D+ na D- ni jozi inayofanya kazi kwa tofauti ya volti kati yake. Na hata mngefanikiwa kuilisha, kompyuta ingeiona kama mlango wa mfululizo, si kama kibodi. Iwekeni kando kwa mradi mwingine.

Mnachohitaji ni chipu moja yenye uwezo wa kuwa hosti wa USB upande huu, na kujitangaza kama kibodi ya Bluetooth upande wa pili. Kwa wiki sita mimi nasema ESP32-S3, chipu ya kuprogramu yenye Bluetooth ndani. Angalieni sana hizo herufi mbili za mwisho: ESP32 ya kwanza kabisa haina USB ndani, na ESP32-C3 ina USB ya kuprogramu tu, haiwezi kuwa hosti. Raspberry Pi Pico W nayo inafaa, kwa maktaba za programu mbili, TinyUSB upande wa hosti na BTstack upande wa redio. Chagueni moja, msianze zote mbili.

Kuunganisha ESP32-S3:

Nyekundu iende kwenye volti 5, nyeusi kwenye GND (ardhi ya umeme), nyeupe (D-) kwenye pini ya GPIO19, kijani (D+) kwenye GPIO20. Kabla ya kulehemu, chukueni kile kipande cha plagi mlichokata, wekeni mita kwenye mlio, mhakikishe rangi. Kwenye plagi pini 1 ni volti 5, 2 ni D-, 3 ni D+, 4 ni GND. Kebo za bei rahisi hudanganya kwa rangi, na kosa la nyekundu na nyeusi ndilo litakalounguza kweli. Waya za D+ na D- ziwe fupi, chini ya sentimita 10, na zisokotwe pamoja.

Nunueni ubao wenye matundu mawili ya USB. Moja hupitia chipu ya kubadili laini ya mfululizo, jingine ni USB ya chipu yenyewe, na hilo la pili ndilo lile lile la GPIO19 na 20. Programu yenu ikishaanza kazi ya hosti, tundu hilo halitapokea tena programu wala kuonyesha ujumbe. Mtatumia lile la kwanza. Wengi hukwama hapa wakidhani ubao umekufa.

Kwenye programu, ESP-IDF (zana za kuprogramu chipu hizi) ina mfano wa hosti wa HID (kundi la vifaa kama kibodi na kipanya) na mfano mwingine wa kifaa cha HID cha Bluetooth. Kazi yenu ni kuunganisha mifano hiyo miwili kwa foleni katikati: upande mmoja unaweka ripoti (taarifa za vitufe), mwingine unazitoa na kuzituma. Kibodi ikitambuliwa, itumieni amri ya kuingia kwenye itifaki ya kuwashia (SET_PROTOCOL, thamani 0). Hapo kila kibodi, ya kampuni yoyote, itatoa baiti 8 za mpangilio mmoja. Mfano, Shift ya kushoto pamoja na herufi a:

02 00 04 00 00 00 00 00

Baiti ya kwanza ni Shift, Ctrl, Alt na wenzao, kila mmoja biti yake. Ya pili haitumiki. Sita zilizobaki ni vitufe vilivyobonyezwa kwa wakati huo, na 04 ndiyo a. Ukiachia vyote, zinakuja sifuri nane. Muda mwingi wa mradi mtaupitisha mkitazama mistari ya namna hii, kwa hiyo iandikeni kwenye skrini tangu siku ya kwanza, kabla hamjagusa Bluetooth.

Kama kibodi ina vitufe vya sauti na muziki, hivyo huja kwenye sehemu ya pili ya kifaa, yenye mpangilio wake. Viacheni kwanza. Na kama kibodi ina matundu ya USB ubavuni, ina hubu ndani; tafuteni nyingine.

---

Lehemu

Waya Mwekundu kaeleza vizuri, ila njia hiyo ina kasoro moja ambayo mwalimu ataiuliza: betri. Mnawasha kompyuta ndogo nzima ili ihoji kibodi ambayo nayo ina chipu yake. Njia ya kiungwana ni kuitoa ile chipu ya kibodi na kusoma vitufe moja kwa moja.

Fungueni kibodi. Chini ya mpira kuna karatasi tatu za plastiki: ya juu na ya chini zina njia za wino wa fedha au kaboni, ya katikati ina matundu. Ukibonyeza, ya juu inagusa ya chini kupitia tundu. Njia hizo zinaishia kwenye ulimi wa plastiki uliobanwa kwa skrubu na ukanda wa mpira juu ya kibao kidogo cha saketi. Hesabuni meno yake. Mara nyingi ni kama 26, yaani mistari 8 kwa safu 18.

Msijaribu kulehemu kwenye plastiki. Itayeyuka na hakuna wa kuirudisha. Kibao kidogo kiacheni kibaki kama kiunganishi: kateni njia zinazokwenda kwenye chipu (kwa kawaida ni tone jeusi la gundi ngumu), kisha lehemuni waya nyembamba kwenye upande wa meno.

Ramani ya vitufe mtaipata kwa mita. Wekeni kwenye omu, kipimo cha kilo-omu 2 au 20, si kwenye mlio. Wino una ukinzani wa makumi hadi mamia ya omu na mita nyingi hazitalia, mtasema njia imekatika kumbe nzima. Mmoja ashike ncha mbili za mita, wa pili abonyeze, wa tatu aandike jedwali. Vitufe 104, jioni moja inatosha.

Chipu: nRF52840, nayo ina Bluetooth ndani. Ina pini 48 za matumizi, lakini vibao vidogo vinavyouzwa havitoi zote nje, hesabuni kabla ya kununua. Zikipungua, ongezeni chipu za kuongeza pini, 74HC595, mbili au tatu kwa upande wa safu. ZMK, programu iliyotengenezwa kwa ajili ya kibodi, inasoma mpangilio huu na inajua kulala; kitufe chochote kikibonyezwa inaamka. Hapo mnaongelea wiki za betri, si saa.

Angalizo la vitufe vya uongo: karatasi hizi hazina dayodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu). Ukibonyeza vitufe vitatu vilivyo kwenye pembe tatu za mstatili, cha nne kitaonekana kimebonyezwa bila mtu kukigusa. Chipu ya awali huwa na kanuni ya kuzuia hilo. Mkiitoa, kanuni hiyo mnaiandika wenyewe: ukiona mistari miwili inashirikiana safu mbili au zaidi, usitume kitufe kipya mpaka kimoja kiachiwe.

---

Waya Mwekundu

Sina ubishi kuhusu betri. Ila kukata njia kwenye kibao ni kazi isiyorudi nyuma, na wako watatu wenye kibodi moja. Na tahadhari kwa anayetaka kuchanganya njia hizi: USB ya nRF52840 ni ya kifaa tu, haiwezi kuwa hosti. Ukiichagua, ni lazima usome vitufe moja kwa moja.

---

Fundi Mita

Mimi nitaongelea umeme tu, maana ndipo miradi hii inapofia.

Kwanza pimeni kibodi yenu inakula kiasi gani. Mita iwe katikati ya waya mwekundu. Kibodi ya kawaida hula miliampia chache hadi kama 20 taa zikiwaka. Yenye taa za rangi inaweza kupita 200, na hiyo haifai kwa mradi huu.

Hesabu kwa njia ya ESP32-S3: chipu na redio yake wekeni miliampia 100, kibodi 20, jumla 120 kwa volti 5, yaani wati 0.6. Kipandishi cha volti kina ufanisi wa kama asilimia 88, kwa hiyo betri inatoa wati 0.68. Gawanya kwa 3.7, unapata miliampia 184. Betri ya mAh 2000 itafika kama saa 10. Mkishusha mwendo wa chipu hadi MHz 80 na nguvu ya redio hadi 0 dBm mtaongeza kiasi. Hivyo vyote viandikeni kwenye ripoti ya mradi pamoja na namba mlizopima, si za kwenye karatasi ya kiwanda.

Betri ya 18650 ina unene wa milimita 18, haiingii chini ya kibodi nyingi. Tumieni ile bapa. Namba iliyoandikwa juu yake ni vipimo: 603450 ni unene wa milimita 6.0, upana 34, urefu 50, na huwa karibu mAh 1000. 606090 huwa karibu mAh 4000.

Kibao cha kuchaji cha TP4056 huja kimepangwa kwa ampia 1, kwa rezista ya kilo-omu 1.2. Kwa betri ya mAh 1000 hiyo ni kasi mno kwa kitu kitakachofungwa ndani ya plastiki. Badilisheni rezista iwe kilo-omu 2, mpate miliampia 580 hivi. Kwa betri ya mAh 500 wekeni kilo-omu 5, mpate 250. Chukueni kibao chenye ulinzi, kile chenye alama B+, B-, OUT+ na OUT-. Betri iende B, mzigo uende OUT. Mkiunganisha mzigo kwenye B mmeuruka ulinzi wote.

Na msiutegemee ulinzi huo kuwa ndio kizimio cha kila siku. Chipu yake hukata ikifika karibu volti 2.4, wakati betri imeshaumia. Wekeni rezista mbili za kilo-omu 100 kugawa volti ya betri, kapasita ya nanofaradi 100 sambamba na ile ya chini, msome kwenye pini yoyote ya GPIO1 hadi GPIO10, na programu iache kazi kwenye volti 3.3.

Kipandishi cha MT3608: kabla hakijaguswa na kitu kingine, kiwasheni kikiwa peke yake, mzungushe ile skrubu huku mita ikisoma mpaka 5.0. Kikitoka dukani kinaweza kuwa kimewekwa juu sana, na kinaweza kupanda hadi volti 28. Skrubu huhitaji mizunguko mingi kabla volti haijaanza kushuka, kwa hiyo msidhani ni mbovu. Wekeni kapasita ya mikrofaradi 470 kwenye volti 5 karibu na ubao. Redio ikianza kutuma hunyonya ghafla, volti hudondoka, na ubao hujiwasha upya huku ukiandika "Brownout detector was triggered". Wanafunzi hutafuta kosa kwenye programu siku tatu, kumbe ni waya nyembamba na kapasita isiyokuwepo.

Vibao vya benki ya umeme navyo viepukeni. Vingi hujizima vikiona mzigo mdogo, chini ya miliampia 50 au hivyo, kwa karibu nusu dakika. Mradi ukianza kulala ili kutunza betri, kibao nacho kinauzima moja kwa moja.

Mwisho, wekeni swichi ya kutelezesha kati ya OUT+ na kipandishi, na mchaji ikiwa imezimwa. TP4056 hujua betri imejaa pale mkondo unaposhuka hadi sehemu moja ya kumi ya ule uliopangwa. Mzigo ukiendelea kunyonya, mkondo haushuki, na kuchaji hakuishi.

---

KikundiTatu

Asanteni sana wakuu. Tumechagua ESP32-S3. Ripoti za baiti 8 zinaonekana kwenye skrini kama zilivyoelezwa, na kompyuta imeiona kibodi. Shida sasa ni tatu:

Kwanza, herufi zinatoka vibaya. Tukibonyeza a, kompyuta inafanya kama tumebonyeza Ctrl ya kushoto, na herufi yenyewe haitoki.

Pili, mara nyingine herufi moja inajirudia aaaaaaaa bila kukoma mpaka tubonyeze kitufe kingine.

Tatu, tukipakia programu upya baada ya kufuta kumbukumbu yote ya ubao, kompyuta inaungana na kukatika, inaungana na kukatika.

---

Waya Mwekundu

La kwanza: mnatuma baiti 9. Kwenye USB ripoti yenye namba hutanguliwa na namba yake, lakini kwenye Bluetooth ya nguvu ndogo namba hiyo haimo ndani ya data. Imeandikwa kwenye kielezi pembeni. Nyinyi mmeiweka 01 mbele, kompyuta ikaisoma kama baiti ya Ctrl na Shift, na 01 pale ni Ctrl ya kushoto. Kila kitu kikasogea nafasi moja. Tumeni zile 8 tu.

La pili: kurudia herufi hufanywa na kompyuta, si kibodi. Imeambiwa a imebonyezwa na haijaambiwa imeachiwa. Ripoti ya sifuri nane imepotea njiani, na karibu kila mara imepotelea kwenye foleni yenu. Foleni ikijaa mnatupa ripoti mpya, siyo? Ongezeni ukubwa hadi 32, na ikijaa, itupeni ya zamani, kwa sababu ripoti ya mwisho ndiyo hali halisi ya vidole. Pia, kila mnapounganishwa upya, tumeni sifuri nane kabla ya kitu kingine chochote, na vivyo hivyo USB ya kibodi ikikatika.

La tatu: mlipofuta kumbukumbu mlifuta na ufunguo wa siri ambao ubao na kompyuta vilikubaliana. Kompyuta bado inao wa zamani. Ondoeni kifaa kwenye orodha ya kompyuta, muunganishe upya. Mkipakia programu bila kufuta sehemu ya NVS (inayotunza ufunguo huo) haitatokea tena.

Na msisahau njia ya kurudi: kompyuta hutuma baiti moja ya taa, biti 0 ni Num Lock, 1 ni Caps Lock, 2 ni Scroll Lock. Ipelekeni kwa kibodi kwa amri ya USB ya SET_REPORT.

---

Lehemu

Kabla hamjafunga kasha: kibodi nyingi zina bati la chuma chini ya karatasi. Antena ya ubao ikikaa juu au chini ya bati, umbali unaanguka kutoka mita kumi hadi mbili. Ncha yenye antena itokeze kwenye kona ya plastiki tupu, nafasi ya milimita 15 kila upande, betri isiwe karibu. Betri ibandikwe kwa tepu ya povu ya pande mbili, mbali na ncha za skrubu na mbali na TP4056, ambayo huwa ya moto wakati wa kuchaji.

Kupima ucheleweshaji hamhitaji chombo ghali. Rekodini kidole na skrini kwa simu kwenye fremu 240 kwa sekunde, mhesabu fremu toka kitufe kinapofika chini hadi herufi inapotokea. Kila fremu ni milisekunde 4.2. Fanyeni mara 20 na kibodi ya waya ya aina hiyo hiyo, mara 20 na yenu, kompyuta ile ile. Tofauti ya wastani ndiyo namba ya kuandika. Ikizidi milisekunde 30, ombeni muda wa mawasiliano wa milisekunde 7.5 hadi 15 kwenye mpangilio wa Bluetooth.

---

KikundiTatu

Inaandika! Herufi zote sawa, Caps Lock inawaka. Swali dogo tu: kwenye BIOS (skrini ya mipangilio kabla mfumo haujawaka) haionekani kabisa. Ni kosa letu?

---

Fundi Mita

Si kosa lenu. Kompyuta nyingi hazina programu ya Bluetooth mpaka mfumo uwake. Anayetaka BIOS atengeneze kipokezi cha kuchomeka: ubao wa ATmega32U4 wenye redio ya nRF24L01+, unaojitangaza kwa kompyuta kama kibodi ya USB. Mkienda huko, wekeni mikrofaradi 10 kwenye miguu ya umeme ya nRF24 na mfiche data kwa ufunguo, kwa sababu redio hiyo haifichi chochote yenyewe. Mwaka 2016 watafiti wa Bastille walionyesha kwa MouseJack jinsi mtu wa pembeni anavyoweza kuingiza vitufe kwenye vipokezi vya namna hiyo. Kwa wiki mlizobakiwa nazo, andikeni BIOS kwenye ukurasa wa mipaka ya mradi, mkafunge kasha.